Muhula wa Beringi

Katika ujana wangu, kwenye kiwanda kimoja cha mkonge mkoani Tanga, ukaguzi wa beringi za korona, yaani mtambo unaochakata majani ya mkonge kutoa singa, haukuwa na siku wala saa iliyoandikwa, bali ulitegemea sikio la fundi mkuu, mzee ambaye kila asubuhi, mtambo ukishashika kasi, aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini wake sikioni, akafumba macho, nasi wanagenzi tukingoja atamke. Aliposikia mvumo mwanana alipita. Aliposikia mkwaruzo alisema, "Wanangu, hii haimalizi juma," na aghalabu haikumaliza. Maji yanayomwagwa mfululizo kuosha singa hupenya kwenye sili, grisi ikageuka nyeupe kama tui, na kutu ikaanza kula njia ya gololi.

Mzee alipostaafu, maarifa yale yaliondoka naye, na uongozi ukaweka kaida kwamba kila beringi ibadilishwe ikitimiza saa zake, nzima au mbovu. Karatasini ilipendeza, karakanani tulizing'oa beringi zilizo salama, na mpya, kwa vumbi au kwa nyundo iliyotumika kuziingiza, nyingine zikafa mapema. Baadaye nilisoma kwamba umri wanaoutaja watengenezaji ni ule ambao beringi 90 katika kila 100 huufikia, na 10 hufa kabla. Na kwamba Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United Airlines, Marekani, walidhihirisha katika ripoti yao ya 1978 kuwa sehemu nyingi za ndege haziharibiki kwa sababu ya uzee.

Kilipokuja kipimo cha mtetemo, chenye kuitambua kasoro mapema kabla mkono haujasikia joto, tulianza kuuliza beringi huchukua muda gani tangu dalili ya kwanza hata kuvunjika, tukapanga ukaguzi usiozidi nusu ya muda huo, ili ikitupita mara moja tuikute mara ya pili. Za korona, zinazooga maji, zikakaguliwa kila juma. Za mota ya mtambo wa marobota, mahali pakavu, kila mwezi.

Nami, bila kukidharau kipimo, nashikilia kuwa bisibisi ya mzee haikuwa na kasoro ila kukosa karani. Basi vijana wa viwandani, mnapoandika tarehe ya kubadilisha beringi, andikeni pia siku mliyoiona dalili ya kwanza, maana pasipo tarehe hiyo muhula wa ukaguzi hauna pa kupimiwa.