Ndege Iliyopotea Rufiji

Huku kwetu mtu akipotea malishoni hutazama mlima. Mlima humwonyesha njia ya nyumbani. Lakini katika nchi yetu kuna mahali pasipo na mlima wa kutazama. Mahali hapo ni delta ya Rufiji.

Kutoka kwetu unapita Babati, Kondoa na Dodoma hadi Dar es Salaam. Kisha unafuata barabara ya kusini hadi Kibiti. Huko mto Rufiji unagawanyika kuwa mito mingi kabla ya kuingia baharini. Kati ya mito hiyo kuna msitu mkubwa wa mikoko. Mikoko ni miti inayoota katika matope ya maji ya chumvi. Mara mbili kwa siku bahari hujaa, na palipokuwa na njia huwa maji.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliificha humo manowari yao, Königsberg. Waingereza waliiharibu tarehe 11 Julai, 1915. Ndege ziliruka juu kuonyesha mizinga pa kupiga. Hata baada ya hapo vita viliendelea Rufiji.

Tarehe 6 Januari, 1917, Waingereza wawili waliruka juu ya delta kupeleleza. Rubani aliitwa Edwin Moon. Mwenzake aliitwa Richard Bridgeman. Ndege yao iliweza kutua juu ya maji. Injini iliharibika, wakatua katika mkono mmoja wa mto. Ndege haikuweza kuokolewa, ikaharibiwa.

Watu hao hawakuuawa kwa risasi. Adui yao alikuwa delta. Kwa siku tatu walitafuta njia ya kufika pwani. Chakula hawakuwa nacho. Walivuka mito kwa kuogelea, na Bridgeman hakuwa mwogeleaji hodari. Walitengeneza chelezo wakapanda, lakini maji yaliwachukua hadi baharini. Bridgeman alikufa kwa kuchoka. Moon alifika ufukoni, akatekwa na Wajerumani. Alikufa mwaka 1920, katika ajali ya ndege huko Uingereza.

Ndugu msomaji, habari hizi tunazijua kwa sababu ziliandikwa. Vita hivyo hivyo viliua makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika. Pande zote mbili ziliwachukua watu wetu. Walibeba unga, risasi na majeruhi. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Je, katika ukoo wenu kuna habari ya mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita, asirudi? Waulize wazee, maana nao walisimuliwa na wazee wao. Andika jina lake, jina la baba yake na mahali alipotoka. Kwa kazi hiyo kalamu na daftari vinatosha. Kusoma unajua, na kuandika unajua. Usiache jina hilo lipotee pamoja na mzee anayelikumbuka.