Kunyamaza Si Kukubali



Siku moja nilikuwa nikifundisha vitenzi vya kukubaliana na kupingana. Kijana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono na kuniuliza: "Mwalimu, anayenyamaza amekubali?" Nilimjibu haraka kwamba ndiyo, kisha kengele ikalia nikatoka. Njiani jibu langu lilinisuta. Nilikuwa nimeisahau methali ambayo mimi mwenyewe huifundisha kila mwaka: kimya kingi kina mshindo mkuu. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Nitalianzia mbali, miongoni mwa wafanyakazi wa teknolojia wa California, kisha nitalirudisha hapa Uganda, katika ofisi ya walimu ambamo nilitenda kosa ambalo sijalisahau.

Kusini mwa jiji la San Francisco kuna eneo liitwalo Silicon Valley. Huko ndiko ziliko ofisi kuu za Google, mjini Mountain View, na za kampuni yenye Facebook, mjini Menlo Park. Wahandisi wake wametoka pande nyingi za dunia, hata si ajabu kusikia lugha kadhaa katika chumba kimoja cha chakula. Katika siasa, hata hivyo, sehemu kubwa yao huelemea upande mmoja. Kaunti ya Santa Clara, iliyo kitovu cha eneo hilo, ilimpa Hillary Clinton zaidi ya kura 70 katika kila 100 kwenye uchaguzi wa urais wa 2016. Mark Zuckerberg alipohojiwa na maseneta mwezi Aprili 2018, alikiri kwamba Silicon Valley huelemea sana mrengo wa kushoto.

Si kosa watu wengi kufikiri namna moja. Swali la uraia ni hili: yule asiyefikiri kama wao, anaishije kati yao?

Mwaka 2017 mhandisi wa Google, James Damore, aliwaandikia wenzake waraka. Alidai kwamba kampuni haivumilii mawazo tofauti. Alidai pia kwamba tofauti za kimaumbile huenda zikaeleza, kwa sehemu, kwa nini wanawake ni wachache katika uhandisi. Baadhi ya wanawake wa kampuni hiyo walihisi wameambiwa kwamba hawastahili viti vyao. Mwezi Agosti alifukuzwa kazi. Tangu hapo watu wamebishana: je, aliadhibiwa kwa kuwa na maoni, au kwa kuwavunjia wenzake heshima?

Huenda ukauliza kama katiba ya Marekani hailindi uhuru wa kusema. Huulinda, lakini marekebisho ya kwanza ya katiba hiyo huizuia serikali, si mwajiri binafsi. Sheria ya kazi ya California nayo humkataza mwajiri kuweka kanuni za kudhibiti shughuli za kisiasa za wafanyakazi wake. Kati ya sheria hizo mbili umebaki uwanja mpana ambao hakimu hafiki: meza ya chakula, kikao cha asubuhi, salamu iliyopoa ghafla. Humo ndimo mtu hujifunza kunyamaza.

Mwaka uliofuata, mhandisi mwandamizi wa Facebook aliwaandikia wenzake kwamba kampuni yao ina tatizo la kutovumilia siasa tofauti, na wafanyakazi zaidi ya 100 wakajiunga na kundi lililoundwa kwa ajili ya jambo hilo. Usidhani, hata hivyo, kwamba wanaopinga hutoka upande mmoja tu. Mwaka huohuo wa 2018, maelfu ya wafanyakazi wa Google walitia saini barua ya kupinga mkataba wa kampuni yao na jeshi la Marekani, ulioitwa Project Maven, wa kutumia akili bandia kuchambua picha za ndege zisizo na rubani. Kampuni ikatangaza kwamba haitaurefusha mkataba huo. Wale nao walikuwa wakisema jambo ambalo wakuu wao hawakutaka kulisikia.

Kampuni nyingine zilitafuta njia ya mkato. Mwaka 2020 mkuu wa Coinbase, kampuni ya sarafu za kidijitali, alitangaza kwamba mijadala ya siasa isiyohusu kazi yao haitakuwa na nafasi humo, na asiyeridhika angepewa malipo ya kuondokea. Wafanyakazi wapatao 60 waliondoka, takriban 5 katika kila 100. Wapo wanaoisifu njia hiyo kwa kuleta utulivu. Mimi huiogopa kidogo, maana utulivu wa watu waliozibwa midomo wote kwa pamoja hautofautiani sana na ule wa watu waliozibwa mmojammoja.

Upepo nao hugeuka. Tarehe 20 Januari 2025, Donald Trump alipoapishwa kwa mara ya pili, Mark Zuckerberg na Sundar Pichai wa Google walikuwa miongoni mwa walioketi karibu naye. Anayejiona salama leo kwa sababu yuko upande wa wengi, kesho anaweza kuwa ndiye anayepima kila neno kabla ya kulitamka.

Yanatuhusu nini hayo, sisi tuliokaa Uganda? Tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi wetu mkuu, Facebook ilitangaza kwamba imefunga mtandao wa akaunti ilizosema zimeunganishwa na kituo kimoja cha wizara ya serikali. Rais Museveni aliituhumu kampuni hiyo kwa upendeleo, na siku iliyofuata mitandao ya kijamii ikafungwa nchini. Kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Siandiki haya ili kuamua nani alikuwa na haki. Nataka uone jinsi uamuzi wa watu wa ofisi ya mbali unavyoweza kugusa simu iliyo mfukoni mwako. Wanaopima maneno ya taifa lisilo lao wanamhitaji mwenzao mmoja wa kuuliza, "Je, tuna hakika?" Aliyezoea kunyamaza hataliuliza swali hilo.

Sasa nirudi nyumbani. Mwishoni mwa 2020, shule zilikuwa zimefunguliwa kwa watahiniwa pekee, nasi walimu wachache tulikutana kila siku saa nne asubuhi kwa chai. Kampeni zilikuwa zimepamba moto. Karibu sote tulimwunga mkono mgombea mmoja. Mwalimu wa hesabu alimwunga mkono mwingine, wala hakuficha. Hatukumtukana, tulimtania tu. Tulimbandika jina la mgombea wake, na kila alipoingia, mmoja wetu alisimama kumpigia saluti. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, kwa kuwa jina lile nililibuni mimi. Baada ya wiki mbili, mwalimu yule akaanza kunywa chai yake maabara.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka, nilipewa kazi ya kujumlisha alama kwenye kompyuta. Nikakosea: alama za karatasi ya pili ya hesabu hazikuingia katika jumla. Ripoti zikachapwa zikapelekwa nyumbani. Msichana mmoja aliyestahili nafasi ya tatu akaonekana wa kumi na tisa, na baba yake akamwambia kwamba hataona sababu ya kumalizia ada iliyobaki. Alikuja kwangu akilia, nami ndipo nikalichunguza jedwali langu upya.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ameliona kosa hilo mapema, orodha ilipobandikwa ukutani. Nilimfuata maabara nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alinijibu kwa upole, bila kuinua sauti: "Mwalimu, ningekuambia wapi? Kila nikiingia mle, mnacheka."

Ripoti zilisahihishwa, baba akaelezwa, na msichana yule alifanya mtihani wake wa taifa. Mimi nilimwomba mwenzangu radhi, kwanza pale maabara, kisha mbele ya wote waliocheka. Hakumwacha mgombea wake, nami sikumwacha wangu. Alirudi mezani, na chai ikanywewa.

Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza, hili ndilo jibu langu. Kukubali ni tendo la mtu aliyekuwa huru kukataa. Asiyekuwa na uhuru huo hajakubali. Amenyamaza tu, na pamoja na kimya chake ameondoka na yale yote aliyoyaona na wewe hukuyaona. Uhuru huo una mpaka, maana maoni yanayomdunisha mwenzako huweza kumnyamazisha yeye pia. Lakini mpaka huo uwekwe kwa hoja, usiwekwe kwa kicheko.

Huenda siku moja ukaandika programu Kampala, Kigali au Nairobi, ukiwa na wenzako wa vyama na imani mbalimbali. Anza kujiandaa sasa. Zoezi la wiki hii ni fupi: mtafute mwenzako mmoja ambaye hukubaliani naye, umuulize swali moja, kisha umsikilize hadi amalize. Andika alichosema kwa Kiswahili, katika aya moja, halafu umsomee. Akisema, "Naam, hivyo ndivyo nilivyomaanisha," umefaulu.