Hita ya DX, Mjukuu Mgonjwa na Mkwe Aliyepigiwa Simu

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unahangaika na hita ya gari, atacheka mpaka atoe machozi. Hita, Tanzania hii? Wenzako wanalia AC imekufa, wewe unatafuta joto! Anayecheka hivyo hajawahi kutoka Genkuru saa nane usiku, mwezi wa saba, akapanda kuelekea Nyamwaga huku ukungu umelala barabarani na kioo cha mbele kimejaa mvuke. Tarime siyo Dar jamani. Kahawa na ndizi zinastawi kule juu, na baridi nayo ipo ya kutosha.

Genkuru ni kimojawapo cha vijiji vinavyozunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara. Magari hayakosekani: malori, Probox za abiria, Land Cruiser za wakubwa. Katikati ya hayo yote kuna mwalimu mmoja mstaafu na Toyota Corolla yake, ile DX, KE70, injini ya 4K yenye sentimita za ujazo 1,290. Vijana wanaiita "marehemu". Mwanawe wa kiume alishamwambia mara tatu auze, waongezee hela wanunue kitu cha maana. Mzee hajibu, anachukua kitambaa anafuta vioo.

Sasa, kilichomfanya mzee aanze kuitafuta hita si ushamba wala mapenzi ya magari ya zamani. Ni mjukuu.

Mtoto ana miaka sita na ana seli mundu, au sikoseli kama wengi wanavyoita. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni moja ya sehemu zilizoguswa sana. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo, zinapinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo mtoto anapopiga kelele kwamba mifupa inauma. Ukosefu wa maji mwilini unachochea. Homa inachochea. Na baridi inachochea.

Kliniki yake iko Mwanza, zaidi ya kilomita 250. Unapita Tarime, Bunda, Lamadi, Magu, ndipo unaingia mjini. Kuwahi foleni ya asubuhi ni lazima mtoke usiku. Mwaka jana mwezi wa saba walifika mtoto akiwa amejikunja kiti cha nyuma, analia miguu. Blanketi alikuwa amelipiga teke tangu Tarime, si unajua watoto. Akalazwa siku sita. Nesi hakumlaumu mtu, alisema tu: "Babu, huyu ni wa kumtunza na joto, na maji anywe kila wakati." Mzee alirudi nyumbani kimya. Kesho yake akafungua boneti.

Mafundi wawili wa pale Nyamongo waliiangalia. Wa kwanza akasema bloa imekufa. Haijafa, hewa inatoka vizuri tu, ila ya baridi. Wa pili akasema, "Mwalimu, gari za Kijapani za zamani hazina hita." Ina hita, kitufe kiko palepale kwenye dashibodi, kimechorwa rangi nyekundu. Kila mmoja alichukua hela ya soda akaondoka.

Fundi anayeijua 4K kuliko watu wote wilayani alikuwepo. Tatizo ni kwamba fundi huyo ndiye baba wa mtoto.

Alikuwa ameondoka miaka minne kabla. Majibu ya damu yalipotoka, ndugu zake walikaa kikao wakasema kwao ugonjwa huo haujawahi kuwepo, basi umetoka kwa mwanamke. Jamaa akakubali maneno yale, au alishindwa kuyakataa, vyote matokeo yake ni mamoja. Akahamia Tarime mjini kwenye gereji. Binti wa mwalimu akarudi kwa baba yake na mtoto mgongoni, akaanza kuuza mandazi. Ng'ombe wa mahari hawakudaiwa na upande wowote. Ilikuwa aibu ya kunyamaziwa.

Mzee alimpigia simu. Hakumwambia mtu. Alisema maneno machache sana: "Hita ya gari haifanyi kazi. Mtoto anapata baridi njiani." Upande wa pili pakawa kimya, kisha sauti: "Nakuja Jumapili, tata."

Kwa desturi, mkwe na baba mkwe hukaa kwa heshima, kila mtu na nafasi yake. Jumapili ile walikuwa vichwa vimekaribia kugongana chini ya boneti moja. Binti akawa jikoni, hakutoka.

Jamaa hakuanza na spana. Aliangalia kwanza maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa. Yapo. Akawasha, akashika hozi ya juu ya rejeta. Gari likiwa zima, hozi ile inatakiwa ibaki ya baridi kwa dakika kadhaa, halafu ipate moto ghafla themostati ikifunguka. Hii ilianza kupata uvuguvugu palepale. Wakaenda nalo barabarani kidogo: geji ya joto ikabaki chini, karibu na C, haipandi.

"Tata, humu hakuna themostati," akasema.

Akafungua bolti mbili za kifuniko, na kweli, patupu. Mzee akakumbuka: miaka mingi nyuma gari lilichemsha mlimani, fundi fulani akatoa themostati akasema ni kitu cha Ulaya, huku hakihitajiki. Wenye magari ya zamani mnaijua hadithi hii, imefanyika kwenye nusu ya gereji za nchi. Kumbe bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifikii joto lake, inakunywa mafuta zaidi, na hita inabaki kupuliza baridi. Wala ugonjwa wenyewe wa kuchemsha haukutibiwa, ulifichwa tu.

Ikanunuliwa themostati mpya ya digrii 82. Kabla ya kuifunga, jamaa akaomba sufuria. Hapo ndipo binti alipolazimika kutoka. Akaweka maji jikoni, themostati ikaning'inizwa kwa uzi, maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka taratibu. Mtoto akapiga makofi. Akataka irudiwe. Baba yake akairudia mara tatu, bila kuangalia upande alipokuwa mama mtu.

Geji ikapanda mpaka katikati. Hita? Bado vuguvugu. Fundi mwingine angesema basi, inatosha. Huyu akafuata hozi mbili zinazoingia ndani ya gari, ya kwenda na ya kurudi. Zote zinatakiwa ziwe za moto. Moja ilikuwa inaunguza mpaka kwenye koki, baada ya koki ni baridi kama ya mtungini. Kebo inayotoka dashibodi ilikuwa imechomoka, na koki yenyewe imeganda kwa kutu ikiwa imefungwa. Madukani hakuna. Ikapatikana siku nne baadaye kwenye DX iliyokufa upande wa pili, Migori.

Kabla ya kuifunga koki hiyo akasafisha rejeta ndogo ya hita, kwa kupitisha maji kinyumenyume, kwa nguvu ndogo tu maana ya zamani ile ingepasuka. Yalitoka maji ya rangi ya chai. Miaka yote gari lilijazwa maji ya kisima. Safari hii ikawekwa kulanti. Gari likaegeshwa pua ikitazama mlima, mfuniko wa rejeta wazi tangu injini ikiwa ya baridi, hita imefunguliwa mpaka mwisho, injini ikaachwa iungurume hadi mapovu yakaisha. Hewa ikibaki ndani, hita haipati joto hata ubadilishe kila kitu. Mwisho akalala chini ya gari kukagua ekzosi, kwa sababu ukimfungia mtoto vioo halafu moshi unavuja, utakuwa umemtoa kwenye baridi ukampeleka kubaya zaidi.

Jioni ile hewa ilitoka ya moto kweli. Mzee alikaa kiti cha mbele, mkono kwenye tundu, akasema neno moja: "Eeh."

Kisha akasema la pili, na hili ndilo lililokuwa zito. "Mura, kule kliniki wanasema mtoto hapati ugonjwa huu kwa upande mmoja. Ni mpaka arithi kwa baba na kwa mama. Wewe mzima, yeye mzima, kila mmoja kabeba. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne. Hukupima. Mafundi wale nao hawakupima, walisema tu."

Jamaa alifuta mikono muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

Tarehe ya kliniki ilipofika alikuja saa saba usiku, akaomba aendeshe yeye. Mtoto alilala bila blanketi mpaka Bunda. Pale hospitali jamaa akatoa damu yake mwenyewe, bila kuambiwa. Majibu yalisema kile ambacho mtoto alikuwa ameshakisema kwa miaka sita: kabeba. Karatasi aliikunja akaenda nayo kwa ndugu zake, kwenye kikao kilekile, akaisoma kwa sauti. Baadhi walinyamaza, na mmoja alisema hospitali zinakosea. Hayo ndiyo ya kwetu.

Na binti? Mashoga zake walishaanza kupanga sherehe. Mama mmoja wa jirani alimuuliza waziwazi kama sasa atarudi kwa mumewe, maana mwanaume kajirudi, gari limepona, anataka nini tena? Alikuwa anageuza mandazi kwenye karai, hakuinua macho.

"Aliyekosea amekuja kutengeneza, nimeona," akasema. "Lakini miaka minne nilikuwa naambiwa nina damu mbaya, na yeye alikuwepo anasikia. Hita imepona. Mengine tutaona."

Wadau, wapo watakaosema ana roho ngumu. Wapo watakaosema huyo ndiyo ana akili. Jamaa mwenyewe hajalalamika. Kila mwezi anakuja usiku, anapima maji ya rejeta, anagusa hozi zote mbili, ndipo anamwita mtoto apande.