Mtego wa Tundu na Mkono Unaoufungua

Miongoni mwa njia za kupambana na wanyama na ndege waharibifu, mtego wa tundu, yaani sanduku la fremu na wavu wa waya linalomnasa kiumbe akiwa hai badala ya kumuua papo hapo, ndio mwepesi kuueleza kuliko njia nyingine na huenda ndio mgumu kuliko zote kuusimamia. Wapwani walioko Uingereza, Uholanzi au Oman huuona ukitumika chini ya sheria na ratiba, ilhali ndugu zao wa Likoni, Kisauni na Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, huuona mara chache, na pengine ukiwa umeachwa wazi, wavu wake umeshika kutu. Tofauti hiyo haitokani na ufundi wa kuunda tundu, kwa kuwa mafundi wa Pwani wanaujua vizuri. Inatokana na swali la nani anawajibika kwa kilichonaswa ndani yake.

Mfano unaofaa zaidi kwa upande wa bara wa Mombasa ni kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu, ambaye hapaswi kuchanganywa na kunguru wa asili mwenye kifua cheupe. Ndege huyu aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 kwa matumaini kwamba angesafisha taka za mji, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa amekwisha kuonekana Mombasa. Kazi ya usafi aliifanya kwa namna yake, lakini pia alianza kula mayai na makinda ya ndege wadogo, kunyakua vifaranga uani, na kumfukuza kunguru wa asili katika maeneo mengi ya miji ya Pwani. Jike hutaga mayai matatu hadi matano kwa wakati mmoja, na palipo na chakula kingi cha binadamu makinda wengi huishi hadi wakakua.

Mtego unaotumiwa dhidi yake katika Afrika Mashariki unajulikana kwa jina la mtego wa Malindi, na umewahi kuigwa katika nchi nyingine ambako ndege huyu amevamia. Kanuni yake ni ya busara sana: kunguru huingia kwa kujidondosha kupitia mwanya mwembamba akiwa amekunja mabawa, lakini akitaka kutoka hana budi kuyakunjua ili aruke, na mabawa yaliyokunjuliwa hayapiti mahali yalipopita yakiwa yamekunjwa. Ndani huwekwa chambo, mara nyingi matumbo ya samaki au mabaki ya nyama, na pamoja na chambo huwekwa kunguru wachache walio hai ili wawavute wenzao, kwa sababu ndege huyu huamini zaidi anachokiona mwenzake akila kuliko chakula kilicho peke yake. Kunguru hao wa kuvutia wenzao wanahitaji maji, chakula, kivuli na kijiti cha kutua, na hapo ndipo tundu linapoacha kuwa kifaa na kuwa kazi ya kila siku.

Nchini Uingereza, kazi hiyo imeandikwa. Mtego wa Larsen, ambao chimbuko lake ni Denmark katika miaka ya 1950, unaruhusiwa dhidi ya ndege fulani wa jamii ya kunguru kwa leseni za jumla, yaani ruhusa ambazo mtu hahitaji kuziomba binafsi lakini anafungwa na masharti yake yote. Mtego unaotumika lazima ukaguliwe kila siku. Ndege wa kuvutia wenzake lazima awe na chakula, maji, kijiti na mahali pa kujikinga. Na mtego usiotumika lazima uondolewe uwezo wa kunasa. Huko Scotland mtego hubeba alama inayomwezesha ofisa kumjua mtumiaji wake. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamhesabu mnyama aliyenaswa kuwa chini ya mamlaka ya binadamu, hivyo anayemtumbukiza panya pamoja na tundu lake katika ndoo ya maji anaweza kujikuta mahakamani. Wengi hudhani kwamba huko ng'ambo mtego wa kunasa hai ni njia ya kumwachilia mnyama porini, lakini kwa spishi vamizi dhana hiyo haisimami: kindi wa kijivu akishanaswa hairuhusiwi kumwachilia, na anayemtega anapaswa kujua tangu mwanzo kwamba atalazimika kumuua kwa njia isiyo ya mateso.

Uholanzi inatoa somo la aina nyingine, na ni somo linaloihusu Mombasa moja kwa moja kwa kuwa zote mbili zina bandari kubwa. Kunguru wa India wachache walifika Hoek van Holland, karibu na Rotterdam, mwaka 1994, inavyoaminika kwa kupanda meli, jambo ambalo spishi hii inajulikana kwalo. Kundi lao halikuwahi kuzidi makumi machache, lakini serikali iliamua kuliondoa kabisa, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukamweka ndege huyo katika orodha yake ya spishi vamizi. Ni rahisi kuusifu uamuzi huo kutoka mbali. Lakini kupambana na makumi ni jambo moja, na kupambana na ndege waliokaa miaka zaidi ya 70 kando ya bandari ya Kilindini ni jambo jingine kabisa. Oman, ambako Waswahili wengi wana jamaa, ina hali inayokaribiana zaidi na ya Mombasa, na huko Dhofar mamlaka ya mazingira imeendesha kampeni dhidi ya kunguru na ndege wa maina kwa kuchanganya mitego na bunduki.

Upande wa bara wa Mombasa, chakula cha kunguru hakitegwi, kimemwagwa. Jaa la Mwakirunge huko Kisauni na lile la Shonda huko Likoni humlisha bila masharti, na hata baada ya jaa la Kibarani, lililokuwa kando ya njia ya kuelekea Changamwe, kufungwa mwaka 2018 na mahali pake kuanza kutengenezwa bustani, ndege walihamia tu kwenye taka nyingine. Ukiongeza matumbo ya samaki yanayotupwa karibu na makarai ya mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga samaki, pamoja na mabaki ya soko la Kongowea, utaelewa kwa nini chambo kilichomo ndani ya tundu hakina mvuto mkubwa. Zaidi ya hayo, wanaoingia kwanza ni kunguru wachanga wasio na uzoefu, ambao wengi wao wangekufa hata bila kutegwa, ilhali wakubwa wanaotaga hutua juu ya paa la jirani wakitazama na kujifunza. Takwimu za ndege walionaswa zinaweza kupendeza katika ripoti huku viota vikibaki vilevile.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wameegemea sumu. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha, na sumu iliyokusudiwa, iitwayo Starlicide, ilikuwa imewahi kupunguza idadi yao katika miji ya Pwani takriban miaka 20 kabla. Sumu hiyo huvunjika haraka ndani ya mwili wa kunguru, kwa hiyo hatari kwa anayekula mzoga wake ni ndogo. Hata hivyo, kuku na njiwa nao huathirika wakiila pamoja na chambo, na katika mitaa ambamo kuku huzurura kutoka ua mmoja hadi mwingine, na njiwa hufugwa juu ya mapaa ya mabati, chambo cha sumu kinahitaji uangalizi usiopungua ule wa tundu. Zanzibar ilitumia mitego na sumu kwa pamoja katika miaka ya 1990. Idadi ilishuka sana, kisha kampeni ilipokoma ndege wakarudi.

Panya wa majumbani na tumbili wanaovamia mashamba hawahitaji maelezo marefu. Mtego wa waya wa panya unafaa nyumba yenye watoto ambamo sumu ni hatari, mradi aliyenaswa asiachwe juani hadi afe kwa kiu. Tumbili wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na anayewategea mwenyewe bila kuwaita KWS anajitafutia kesi.

Isidhaniwe kwamba wajibu kwa kiumbe aliyefungiwa ni mzigo ulioletwa na leseni za Kizungu. Katika mafundisho yanayosomwa madrasa nyingi za Likoni na Kisauni, kunguru na panya wametajwa miongoni mwa viumbe watano waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa, na papo hapo kuna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Ruhusa ya kuua na katazo la kutesa hukaa pamoja bila mgongano, na mchunga tundu anahitaji yote mawili. Kinachokosekana ni mtu mwenyewe: kijana wa mtaani aliyefunzwa kumuua kunguru kwa haraka, anayelipwa kwa siku alizokagua tundu badala ya vichwa alivyohesabu, kwa sababu anayelipwa kwa vichwa atapendelea kunguru wachanga, na hatakuwa na haraka ya kuona jaa likifunikwa.