Yethro Angefika Zegereni

Sisi tunaosali Zegereni tunaishi na viwanda. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, maana vimewapa vijana wetu kazi karibu na nyumbani. Wapo miongoni mwetu waliosomesha watoto kwa mshahara huo, na wapo waliojenga.

Pamoja na shukrani hiyo, iko huzuni tunayoibeba jumuiyani. Mzee mmoja wa kanisa, msimamizi wa zamu kiwandani, alikuwa akiimba besi kwaya. Siku hizi hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango, ili simu ikiita atoke. Kundi la WhatsApp la kazini halilali: mashine imesimama, fulani hajafika, mzigo unatoka saa ngapi. Mkewe alituambia mumewe yupo nyumbani lakini hayupo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii kuwa si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Nguvu huisha, moyo hujitenga na kazi, na mtu huona ufanisi wake kazini umepungua. Tulimkumbuka Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, na baada ya hayo ndipo akamtuma tena.

Kwa viongozi tunaiona Kutoka 18. Musa aliketi kuamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, mkwewe, hakumwambia aongeze bidii, wala hakumwambia aache kazi ya Mungu. Alitazama kwanza, akauliza, kisha akashauri mzigo ugawanywe kwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Nasi tunaona kwamba simu imemrefushia msimamizi siku ya Musa hadi usiku wa manane, bila wa kumpokea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na pumziko la saa 24 kila wiki. Kabla yake, Sabato ilimhesabu hata mtumwa na ng'ombe.

Tulipozungumza haya, kijana mmoja alisema: ukidai pumziko, utaletewa mashine ichukue nafasi yako. Ni neno zito, na hatukulipuuza. Lakini mzee yule alikwenda kwa meneja wake na ombi moja: taarifa za kawaida ziandikwe kwenye daftari la kukabidhiana zamu, simu za usiku zibaki za dharura tu, na wasimamizi watatu wapokezane kuzipokea. Meneja alikubali wajaribu kwa mwezi mmoja.

Ndugu unayeongoza watu, iwe kiwandani, ofisini au kanisani, hatukuombi uikatae teknolojia. Tunakuomba ufanye kama Yethro. Kabla ya kuleta mashine ya alama za vidole au kufungua kundi jingine la simu, keti na watakaoitumia uwaulize itawapunguzia nini na itawaongezea nini. Ikishaanza, rudi uwatazame tena. Yethro alitaka Musa aweze kusimama, na watu wote warudi kwao kwa amani. Hicho ndicho kipimo chetu.