Kutoka Berega Hadi Mikumi: Vijana Si Kanisa la Kesho

Mara nyingi tunasikia makanisani ikisemwa kuwa vijana ni kanisa la kesho. Safari yetu ya siku tatu wilayani Kilosa ilitufundisha vingine. Huko vijana walikuwa kanisa tangu mwanzo.

Tulikuwa akina mama watatu, wote wa kujitolea katika kazi ya vijana. Tulitoka Morogoro alfajiri kwa barabara ya Dodoma, tukapita Dumila na Magubike, kisha tukaingia Berega, katika nchi ya Wakaguru. Huku ndiko kwenye Mamboya pia, ambako wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walifungua kituo karibu na mwaka 1880. Mmoja wao, Joseph Last, alijifunza Kikaguru hata akaandika kitabu cha sarufi ya lugha hiyo. Mkewe, Annie, alifariki mwaka 1883 akiwa huko Mamboya. Tulipokumbuka habari zake tulinyamaza kidogo. Mama mwenzetu alilala mbali sana na kwao.

Wazee wa siku zile walikuwa na mila zao, nao hawakuwa na haraka ya kuziacha. Waliokubali kuketi chini na kujifunza kusoma walikuwa zaidi watoto na vijana. Hivyo darasa ndilo lililokuwa kanisa, na mwalimu ndiye aliyekuwa mhubiri. Wala kazi hiyo haikuwa mchezo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwakamata walimu Waafrika wa CMS wa Ugogo na Ukaguru na kuwatia kifungoni. Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 1927 ilianzishwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers. Baadaye ukafika uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Mwaka 1965 Morogoro nayo ikawa dayosisi, na askofu wake wa kwanza, Gresford Chitemo, alikuwa mwinjilisti hasa.

Kisha yakaja mabadiliko makubwa. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misheni ziliingia mikononi mwa Serikali. Watoto wengi zaidi walipata elimu, nasi tunashukuru. Lakini kanisa, ambalo kwa miaka mingi liliwakuta vijana darasani, sasa lilipaswa kuwatafuta. Likawatafuta kwa kipindi cha dini, kwa kwaya ya vijana, na kwa vyama vya wanafunzi kama UKWATA.

Kutoka Berega tulirudi Dumila, tukashika njia ya Rudewa hadi Kilosa mjini. Hapa reli ya kati ilifika tangu enzi za Wajerumani, na tangu mwaka 2024 treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma hupita. Kila njia mpya inaleta biashara, na pia inachukua watoto wetu. Zamani waliitwa na mashamba ya mkonge ya Kimamba. Leo wanaitwa na miji.

Siku ya tatu tulielekea kusini. Tulicheka tulipopita kijiji kiitwacho Ulaya, kwa kuwa sasa nasi tumefika Ulaya! Jioni tukawa Mikumi, mji ulio kando ya hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, katika barabara kuu iendayo Zambia. Malori hupumzika hapa, na mabinti huuza chakula na matunda kando ya barabara hata giza liingie. Sisi wauguzi tunajua hatari iliyopo: mimba za utotoni, magonjwa ya zinaa na UKIMWI. Mabinti wa kwaya tuliozungumza nao walitueleza kuwa nyimbo wanafundishwa vizuri, lakini hawana mtu mzima wa kumwuliza habari za miili yao na za wanaume wanaowapa fedha. Mama zao, walisema, huona haya.

Hospitali ya Mikumi inaitwa kwa jina la Mtakatifu Kizito. Alikuwa kijana wa miaka 14 hivi alipochomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886. Waliouawa siku hizo, Wakatoliki kwa Waanglikana, wengi wao walikuwa vijana wa jumba la mfalme. Mtoto wa umri ule alijua la kukataa kwa sababu alikuwa amefundishwa.

Akina mama wenzetu, tusiiachie kwaya malezi yote. Timotheo alipata imani kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kisha ndipo Paulo alipomchukua kazini. Basi tufanye mambo matatu. Tuzungumze na watoto wetu bila kuona haya, kabla barabara haijazungumza nao. Tujue majina ya vijana wa kanisa letu, hata wasio wetu. Na tuwape kazi ya kweli kanisani leo, kama walivyopewa wale wa Ukaguru.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Je, mwanao ana swali gani ambalo hajathubutu kukuuliza?