Aliyechelewa Hakuwa Mpiga Kinanda



Wapendwa waamini, juma hili napenda kuwashirikisha jambo lililonipata tulipokuwa tukirekodi nyimbo za kwaya yetu katika ukumbi wa parokia.

Sauti za wanakwaya zilikwisha kurekodiwa. Mpiga kinanda wetu, mzee aliyeitumikia parokia hii kabla mimi sijafika, alivaa hedifoni, akawa anazisikiliza sauti hizo huku akipiga. Tulipounganisha vyote, kinanda kilikuwa nyuma ya kwaya. Tukarudia mara tatu, kikabaki nyuma. Nami, mbele ya vijana, nikamwambia, "Mzee, jitahidi kwenda na wenzako." Hakujibu neno. Aliinamisha kichwa, akaanza tena.

Usiku niliifungua kazi hiyo peke yangu, nikakuza mawimbi ya sauti kwenye skrini. Pengo lilikuwa karibu lilelile, kama milisekunde 46, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu akichelewa, hapa huchelewa sana, pale kidogo. Kinachochelewa kwa kipimo kimoja daima ni mashine.

Kompyuta haipitishi sauti papo hapo. Huikusanya kwanza katika akiba ndogo iitwayo bafa. Mimi niliiweka bafa hiyo kwenye sampuli 1,024. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 23 sauti ikienda masikioni mwa mpigaji, na 23 nyingine ikirudi. Programu huweza kufidia muda huo, lakini fidia hiyo niliizima mwenyewe nikibonyeza nisichokielewa.

Nikaunganisha waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi la kuingizia, nikarekodi mlio wa metronomu, nikapima pengo na kuiandika fidia yake. Nikapunguza bafa hadi sampuli 256 kwa wakati wa kurekodi. Wakati wa kuchanganya sauti huongezwa tena, kompyuta isielemewe na kukwaruza. Nikajifunza pia kwamba MIDI, utaratibu wa tangu mwaka 1983, hubeba amri za vidole wala si sauti, nayo ina mpangilio wake wa muda. Kurekebisha kimoja si kurekebisha kingine.

Asubuhi nilimfuata mzee nyumbani kwake, nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi nilidhani masikio yangu yamezeeka. Nilitaka kukuomba unitafutie mrithi."

Ndugu zangu, kosa langu dogo katika mpangilio wa kompyuta lilikaribia kumwondoa mtumishi mwaminifu kwenye kinanda chake. Jumapili nilimwomba radhi tena mbele ya kwaya nzima, kwa kuwa nilimkosea mbele yao. Kabla hatujamwambia mwenzetu kwamba amechelewa, tuipime kwanza saa tunayompimia.

Nawatakia juma jema lenye baraka.

Paroko wenu